Njia Kuu, Maradhi na Mgeni: Kibaha na Kisarawe Wakati wa Magonjwa ya Mlipuko

Kibaha na Kisarawe ni wilaya mbili za Mkoa wa Pwani zinazopakana na Dar es Salaam upande wa magharibi, na kwa sababu ya mahali zilipo hazijapata kuwa mbali na wageni, kwani njia kuu zitokazo bandarini kuelekea bara hazina budi kukatiza humo. Barabara ya Morogoro hupita Maili Moja hadi Mlandizi ikiwa imebeba malori ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, hupita Pugu, Soga na Ruvu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, hupita Mzenga wilayani Kisarawe. Na mwaka 2017 kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki iliingia Soga na mitambo yake kujenga reli ya kisasa. Kwa anayetaka kuelewa jinsi magonjwa ya mlipuko, yaani maradhi yanayozuka ghafla na kuwakumba watu wengi kwa muda mfupi, yanavyoathiri mtazamo wa wenyeji juu ya wageni, ni vigumu kupata mahali pafaapo zaidi ya hapa, ambapo mgeni si mtu wa kusikika redioni tu bali ni mteja wa mama ntilie, mpangaji, mwajiri na msimamizi wa kazi.

Katika mijadala mingi ya afya ya jamii huchukuliwa kwamba hofu ya maradhi huzaa chuki dhidi ya mgeni kama vile moto unavyozaa moshi, bila kuhitaji sababu nyingine. Historia ya Uzaramo, eneo la asili la Wazaramo ambalo Kisarawe ni sehemu ya kiini chake, haikubaliani na dhana hiyo, kwa maana inaonyesha kuwa wenyeji wale wale waliomkimbia mgeni mmoja walimkabidhi mgeni mwingine watoto wao awatibu, na kwamba kilichoamua baina ya hali hizo mbili hakikuwa rangi wala pasipoti ya mgeni. Kilichoamua ni kama wenyeji waliweza kuona anachokifanya, kumuuliza na kumkatalia.

Kabla ya kufika kwa hospitali, elimu ya uganga ya pwani ilikuwa tayari na nafasi yake kwa mgeni. Mwanaanthropolojia Marja-Liisa Swantz wa Finland, aliyeishi miongoni mwa Wazaramo katika miaka ya 1960 na kuchapisha utafiti wake juu ya ibada na alama za jamii hiyo mwaka 1970, alieleza kwa kina matibabu ya maradhi yaliyodhaniwa kuletwa na pepo, na ngoma za uganga kama madogoli zilizochezwa kwa ajili hiyo. Pwani nzima pepo hao walipangwa kwa makabila na mataifa, wakiwamo wa bara na wa pwani, wa Kiarabu na hata wa Kizungu, na tiba yao mara nyingi haikuwa kuwafukuza bali kuwauliza majina yao, kujua wametoka wapi na wanataka nini, kisha kufanya nao makubaliano mbele ya ndugu na majirani, huku mgonjwa akiitwa kiti kwa kuwa ndiye aliyekaliwa. Utaratibu huo ulikubali wazi kwamba maradhi yanaweza kutoka nje, lakini ulimtaka huyo wa nje ajieleze hadharani, na jambo hili lina uzito mkubwa kuliko linavyopewa, kwa sababu ndilo ambalo tiba ya kikoloni haikulifanya.

Utawala wa kikoloni ulikuja na tiba na amri kwa wakati mmoja. Aliyechanja ndiye aliyekusanya kodi au aliyefuatana na mkusanya kodi, na aliyechukua damu kwa ajili ya uchunguzi aliondoka nayo pasipo kurudisha jibu kwa mwenye damu. Katika mazingira hayo ndipo uvumi wa mumiani uliposhamiri, nao ni imani kwamba kuna watu wanaotumwa kuwateka wengine usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa ya kuwatibu Wazungu. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, alikusanya masimulizi ya namna hii kutoka Kenya, Uganda, Kongo na kwingineko, na kuonyesha kuwa katika miji mingi watuhumiwa walikuwa wazimamoto, yaani wafanyakazi wa kikosi cha kuzima moto, kwa sababu ya magari yao mekundu na kazi ambayo watu hawakuielewa vizuri. Dar es Salaam uvumi huo haukuishia katika maneno. Mwaka 1959 ulizua ghasia za umwagaji damu Buguruni, karibu na barabara ya Pugu inayoelekea Kisarawe, wakati nchi ikiwa imebakiza muda mfupi tu kupata uhuru.

Yapo mambo mawili katika historia ya mumiani yanayostahili kutazamwa kwa makini. La kwanza ni kwamba watuhumiwa wengi hawakuwa wageni kwa kuzaliwa, bali Waafrika walioajiriwa na wageni, kwa hiyo shaka ililenga kazi na mamlaka nyuma ya kazi hiyo, na haikulenga asili ya mtu. La pili ni kwamba uvumi huo, pamoja na uongo wake wa wazi kuhusu dawa ya damu, ulisema jambo la kweli kuhusu utawala ambao ulizichukua nguvu za miili ya watu katika mashamba, reli na bandari bila kuwaomba ridhaa. Anayewacheka wazee wa Kisarawe kwa kuamini mumiani hajajiuliza walikuwa na ushahidi gani mwingine wa nia ya watu wale.

Hofu ya mgeni, zaidi ya hayo, haikuwa ya wenyeji peke yao. Mwaka 1902, tauni ilipozuka Nairobi, utawala wa Kiingereza uliamuru soko la Wahindi lichomwe moto, na katika miji ya Afrika Mashariki sababu za kiafya zilitumiwa mara kwa mara kuwatenganisha wakazi kwa rangi zao. Uwanja wa Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam, ambao wakazi wa Kibaha na Kisarawe wanaufahamu kwa mikutano na sherehe, ulianza kama ukanda mtupu wa kutenga Kariakoo ya Waafrika na mitaa ya Wahindi na Wazungu, kwa fikra kwamba maradhi yangeshindwa kuvuka eneo lisilo na nyumba. Mbu hawakuiheshimu mipaka hiyo, lakini ramani ya jiji iliiheshimu kwa miongo mingi.

Baada ya uhuru Kibaha ilipata mgeni wa namna nyingine. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika iliingia makubaliano na nchi za Nordiki, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, ya kujenga kituo kimoja chenye shule ya sekondari, mafunzo ya kilimo na huduma za afya, na mwaka 1970 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Sehemu yake ya afya ndiyo iliyokua na kuwa Hospitali ya Tumbi, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya mkoa na inafahamika nchi nzima kwa kupokea majeruhi wa ajali za Barabara ya Morogoro. Wageni wale walikuwa Wazungu weupe kama waliowatangulia, walitoboa mishipa na kutoa damu kama waliowatangulia, lakini walikuja kwa mkataba uliokuwa na mwisho, na katika miaka michache nafasi zao zilishikwa na waganga na wauguzi wa Kitanzania ambao ndugu zao walikaa Mwendapole, Kongowe au Mlandizi. Mgonjwa aliyekuwa na shaka angeweza kumfuata mtoto wa jirani yake nyumbani na kumuuliza walichokichukua mwilini mwake ni kitu gani na kimekwenda wapi.

Umuhimu wa jibu la namna hiyo unaonekana katika jambo dogo kama kipimo cha malaria. Kwa miongo mingi damu ya mwenye homa ilipakwa kwenye kioo na kupelekwa chumba kingine chenye hadubini, na mgonjwa akangoja nje hadi aitwe jina. Kipimo cha haraka, kilichoenea katika zahanati za Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2010, kilibadili mpangilio huo: mhudumu hutoboa ncha ya kidole, hunyonya tone moja la damu na kulidondosha kwenye kitundu cha kijibao cheupe cha plastiki kinachoenea kiganjani, huongeza matone machache ya maji ya dawa kwenye kitundu cha pembeni, kisha kijibao huwekwa mezani, na kwa muda wa robo saa hivi mgonjwa mwenyewe huangalia kama utajitokeza mstari mmoja, unaomaanisha kuwa vimelea havikuonekana, au miwili, inayomaanisha kuwa vipo. Damu haikutoka chumbani. Tofauti kati ya tone hilo na chupa za damu zinazofungwa ndani ya kasha la barafu na kupakiwa kwenye gari lenye nembo ya shirika la ng'ambo ni kubwa machoni pa mzazi wa Kisarawe, hata kama mtaalamu ataziona zote mbili kuwa ni sampuli tu.

Vivyo hivyo inaweza kusemwa kuhusu kiwanda cha viuadudu kilichojengwa Kibaha chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa kwa teknolojia ya Cuba, na kuzinduliwa mwaka 2015. Kiwanda hicho huzalisha dawa iliyo na bakteria ambao, wakimwagwa kwenye madimbwi, huliwa na viluwiluwi vya mbu na kuviua kabla havijapata mabawa, na kwa kuwa kazi yake hufanyika kwenye maji yaliyotuama mtaani, mbele ya kila mpita njia, ni vigumu masimulizi ya mumiani kuota mizizi juu yake. Dawa inayomezwa ina hatima nyingine. Mwaka 2008 katika Mkoa jirani wa Morogoro, ugawaji wa dawa ya kichocho mashuleni ulizua taharuki na ghasia baada ya wazazi kuamini kuwa watoto wao wanadhuriwa, na katika pwani ya kaskazini watafiti walikuta watu wakikataa vidonge vya matende na mabusha kwa hoja kwamba kitu cha bure kinachotoka kwa wageni, kinachogawiwa kwa asiyeumwa, kisichokuwa na daktari wa kuulizwa, huenda kina lengo la kuwazuia wasizae.

Ukimwi ulikuwa umekwisha kuonyesha jinsi lawama zinavyoweza kusafiri pande zote mbili za mpaka mmoja. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na huko ugonjwa ulipewa jina la Juliana, kutokana na vitambaa vya mtindo vilivyoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda; ng'ambo ya pili, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, wakati huo wilayani Rakai, Waganda waliwalaumu wafanyabiashara wa Tanzania kwa uchawi wa kulipiza madeni. Kila upande ulikuwa na mgeni wake. Maradhi hayo yalipoteremka na barabara kuu hadi pwani, lawama ziliwashukia madereva wa malori, matingo wao na wahudumu wa baa, na vituo vya kulala malori vikabeba sifa ambayo wakazi wake hawakuistahili kuliko watu wengine.

UVIKO-19, jina rasmi la Kiswahili la ugonjwa wa korona, ulitangazwa nchini Machi 16, 2020, na mgonjwa wa kwanza alikuwa Mtanzania aliyerejea kutoka Ubelgiji. Katika nchi nyingine za Afrika Mashariki mgeni alikuwa amekwisha kuanza kuandamwa: Kenya ilighadhibika Februari 26 ndege ya shirika la China Southern ilipotua Nairobi na abiria 239, na watu wenye sura za Kiasia wakazomewa mitaani, na mwezi uliofuata ubalozi wa Marekani mjini Addis Ababa ukawatahadharisha raia wake kuhusu kushambuliwa kwa wageni kwa kisingizio cha korona. Mwezi Aprili gurudumu liligeuka, kwani katika jiji la Guangzhou nchini China Waafrika walitolewa katika nyumba walizozilipia na kulala nje, hadi mabalozi wa Afrika wakaandika barua ya malalamiko kwa Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi hiyo. Wapo wafanyabiashara wa Kariakoo waliokuwa wakisafiri kwenda Guangzhou kununua bidhaa kila mwaka, ambao kwa hiyo waliweza kuwa wenye kushuku nyumbani na wenye kushukiwa ugenini kwa muda wa wiki chache tu.

Kwa Kibaha, mapigo makubwa zaidi yalitokea barabarani. Tanzania iliacha kutangaza takwimu za wagonjwa mwanzoni mwa Mei 2020, hesabu ikiwa imefikia wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo majirani walianza kulijaza pengo hilo kwa dhana zao wenyewe. Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde mwezi huo huo, Kenya ikafunga mipaka yake na Tanzania kwa wasiobeba mizigo Mei 16 na kudai kila dereva apimwe, Rwanda ikataka madereva wa Tanzania wakabidhi magari mpakani Rusumo, nao viongozi wa baadhi ya mikoa ya mpakani ya Tanzania wakajibu kwa kuyazuia malori ya Kenya. Dereva na tingo walioondoka bandarini, wakala Mlandizi na kupita salama hadi mpakani, waligeuka huko kuwa tishio kwa sababu tu nchi yao haikuwa na namba za kuwatetea. Ni haki kusema kwamba serikali iliyonyamaza ilikuwa na hofu yake ya kuleta taharuki, lakini ni haki pia kusema kwamba gharama ya ukimya huo ilibebwa na watu waliolala chini ya matela yao siku nyingi wakingoja majibu.

Ndani ya mkoa wenyewe swali la nani ni mgeni lilikuwa gumu zaidi. Wakati wapo waliotaka Dar es Salaam ifungwe, na Rais John Magufuli akakataa, ilikuwa dhahiri kwa yeyote aliyepanda basi asubuhi kuwa ukuta kama huo ungeikata Kibaha vipande viwili, kwa kuwa sehemu kubwa ya wakazi wake hufanya kazi jijini na kurudi kulala, na wengi wanaojenga Visiga au Kisarawe mjini walihamia kutoka Temeke na Ubungo miaka michache tu iliyopita. Ndoo za maji tiririka zenye bomba na kipande cha sabuni, zilizowekwa mlangoni mwa kila duka na kila ofisi, zilimsubiri kila anayeingia bila kumuuliza ametoka wapi, na pengine hiyo ndiyo hatua ya kiafya ya mwaka ule iliyofuatwa kwa uradhi mkubwa kuliko zote.

Chanjo ilifufua hofu za zamani, na haikuzifufua bila sababu. Aprili 2020 wataalamu wawili wa tiba nchini Ufaransa walipendekeza katika televisheni ya nchi hiyo kwamba chanjo ya kifua kikuu ijaribiwe Afrika dhidi ya korona, na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akakemea kauli hiyo kuwa ni masalia ya fikra za kikoloni. Januari 2021 Rais Magufuli aliwaonya Watanzania wasigeuzwe kuwa watu wa majaribio, na mrithi wake, Rais Samia Suluhu Hassan, alipochanjwa hadharani Ikulu Julai 28, 2021, dozi zaidi ya milioni moja zikiwa zimewasili siku nne nyuma, wengi walikuwa bado wanaikumbuka sauti ya mtangulizi wake. Hata hivyo umbali kutoka Kibaha hadi Bagamoyo ni mfupi, na huko wazazi wa mkoa huo huo wa Pwani walikuwa wamewatoa watoto wao tangu mwaka 2009 katika majaribio ya chanjo ya malaria yaliyosimamiwa na Taasisi ya Afya Ifakara, chanjo iliyokuja kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Majaribio yalikubalika pale ambapo taasisi ilikuwa imekaa miaka mingi, ikaajiri vijana wa vijiji vile vile na kueleza kwa wazazi nini kinafanyika kabla ya kukifanya.

Pale ambapo hayo hayakufanyika, matokeo yalikuwa ya kuhuzunisha mno. Katika mlipuko wa Ebola wa mashariki ya Kongo uliotangazwa Agosti 1, 2018 na kumalizika Juni 25, 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2,200, wasemaji wa Kiswahili wa Beni na Butembo, waliokwisha kuuawa kwa miaka mingi na makundi yenye silaha bila dunia kuja kuwaokoa, waliona ghafla misafara ya magari meupe na fedha nyingi kwa ajili ya ugonjwa mmoja tu, na wengi wakahitimisha kuwa Ebola ni biashara ya wageni. Aprili 19, 2019 watu wenye silaha waliingia hospitalini Butembo na kumuua Daktari Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Cameroon, Mwafrika aliyekuja kusaidia Waafrika wenzake. Kifo chake hakiwezi kuhalalishwa kwa historia yoyote. Kinachoweza kufanywa ni kukiri kwamba swali lililoulizwa na wakazi wale, kwa nini mmekuja kwa ajili ya hili na hamkuja kwa ajili ya lile, lilistahili kujibiwa mapema.

Machi 2025 Waziri wa Afya wa wakati huo, Jenista Mhagama, alitangaza kuthibitishwa kwa wagonjwa wawili wa homa ya nyani, mmoja wao akiwa dereva wa lori aliyesafirisha mizigo kutoka nchi jirani kuja Dar es Salaam. Tangazo hilo halikuitaja nchi aliyotoka, na uamuzi huo ulistahili pongezi, kwa sababu jina la nchi lisingemsaidia yeyote kunawa mikono, ila lingetosha kuwafanya madereva wa taifa zima wanyimwe chumba katika nyumba za kulala wageni za Maili Moja. Julai 31 ya mwaka huo huo ilizinduliwa bandari kavu ya Kwala, wilayani Kibaha, ambako nchi jirani kadhaa zimetengewa maeneo ya kuhifadhia mizigo yao, na hivyo madereva wa Kongo, Zambia, Burundi na Rwanda ambao zamani walipita tu watakuwa sasa wakikaa siku kadhaa Kwala na Mlandizi. Kama chumba cha uchunguzi wa afya kitatengwa kwa ajili yao peke yao, nyuma ya uzio, wenyeji wataelewa hivyo hivyo walivyooneshwa, kwamba maradhi ni ya waliomo ndani ya uzio. Inawezekana, kwa gharama isiyozidi sana, huduma hiyo iwekwe katika kituo cha afya kinachomhudumia pia mpakiaji mizigo na mama ntilie wa Kwala, wote wakaandikwa katika daftari moja, na hesabu ya waliopimwa na waliokutwa na ugonjwa ikasomwa katika mkutano wa kijiji kila robo mwaka, kama zinavyosomwa hesabu za mapato na matumizi.